Kutazama gofu ya kulipwa kwa mara ya kwanza: mwongozo wa Uganda Open

Kila mwaka Uganda Open inapokaribia, maswali ni yaleyale. Vijana wa steji ya boda pale Kamwokya huniuliza kama askari atawarudisha getini. Shangazi yangu aliuliza kama ni lazima avae nguo nyeupe. Mwenzangu mmoja wa kazini alikwenda Kitante, uwanja wa gofu wa Kampala, peke yake, akaketi chini ya mti mmoja tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, akaona watu wakipita na mikoba yao, akarudi mjini akisema gofu haina kitu. Huyo ndiye aliyenifanya niandike haya. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba gofu haitazamwi kama mpira wa Namboole, ambako ukishapata kiti chako unaona kila kitu. Hapa uwanja ni mkubwa kama kijiji, makundi zaidi ya kumi yanacheza kwa wakati mmoja, na anayetaka kuona inambidi atembee na ajue atembee wapi.

Nilikuwa kedi kwa miaka sita nilipokuwa kijana, nikibeba mikoba ya watu. Siku hizi nabeba mwavuli wangu tu na kuwapeleka ndugu na majirani. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaambia njiani. Huhitaji kuwa mwanachama wa klabu, na huhitaji kuwa umewahi kushika fimbo ya gofu.

Vya kuandaa kabla ya siku

- Viatu vya raba vyenye soli bapa, ambavyo mguu wako umekwisha vizoea. Kutembea mashimo yote 18 (kwenye gofu shimo ni njia nzima, tangu mkwaju wa kwanza mpaka bendera) ni kilomita 6 hadi 8 hata kabla hujazunguka huku na huku, na Kitante ina miinuko. Viatu vya kisigino kirefu viache nyumbani: vinatoboa majani, na msimamizi atakutoa.
- Shati lenye kola, na suruali, sketi au kaptura nadhifu. Mtazamaji hafungwi na sheria zote za mavazi za wanachama, lakini jezi ya mpira, kandambili na suruali ya jinzi iliyochanika vitakuletea maneno mlangoni, hasa ukitaka kuingia klabu hausi.
- Kofia, na mwavuli au koti jepesi la mvua.
- Maji, angalau lita moja na nusu kwa mtu mzima. Beba pia kitu cha kutafuna. Roleksi ya mayai mawili, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, iliyonunuliwa asubuhi barabarani imeniokoa mara nyingi, lakini uile wakati watu wanatembea, usiile pembeni ya grini, ile sehemu laini yenye shimo na bendera.
- Kitambulisho cha taifa, fedha taslimu kidogo, na salio kwenye mobile money.
- Simu yenye chaji ya kutosha. Suala la kuizima sauti tutakuja kulizungumzia.
- Kalamu.

Ukiwa na darubini ndogo, ibebe. Spika, vuvuzela, ngazi ya kupandia na mbwa vibaki nyumbani.

Hatua kwa hatua

1. Chagua wiki, kisha chagua siku.

Uganda Open si mashindano ya siku moja. Kuna wiki ya wanawake, wiki ya wachezaji wa ridhaa, na wiki ya wachezaji wa kulipwa. Watu wengi huisubiri hiyo ya mwisho, kwa sababu ndiyo yenye zawadi ya fedha na wageni kutoka Kenya, Zimbabwe na kwingineko. Ikiwa una wasiwasi, anza na wiki ya wanawake. Watazamaji huwa wachache, unasimama karibu, na unajifunza tabia za uwanjani bila kusukumana.

Wachezaji wa kulipwa hucheza siku nne, mashimo 18 kila siku, yaani 72 kwa jumla. Baada ya siku mbili za kwanza kuna mchujo: walio nyuma wanarudi nyumbani, walio mbele wanaendelea. Kwa hiyo, kama unamfuata mchezaji fulani, tuseme Deo Akope, Ronald Rugumayo au Phillip Kasozi, nenda siku ya kwanza au ya pili, siku ambazo una hakika atakuwepo. Kama unataka kuona bingwa akipatikana, nenda siku ya nne. Ukiweza siku moja tu na huna mchezaji wako, mimi nakushauri siku ya tatu. Wachezaji ni wachache, wote ni wazuri, na msongamano wa siku ya fainali haujafika.

2. Hakikisha ni uwanja gani, halafu panga safari.

Hili ndilo kosa la kwanza la wageni: mtu anadhani Uganda Open ni Kitante siku zote. Siyo. Imewahi kuchezwa Kitante, Entebbe na Kigo, na kila mahali pana njia yake. Siku tatu kabla, piga simu ofisi ya klabu husika uulize mambo matatu tu: geti la watazamaji ni lipi, kuna kiingilio au hakuna, na magari yanaegeshwa wapi.

Kitante iko bondeni kati ya kilima cha Kololo na cha Nakasero, kando ya Yusuf Lule Road, jirani na Garden City. Kutoka katikati ya mji unaweza hata kutembea. Usije na gari kama huna sababu.

Entebbe ni kama kilomita 40 kutoka Kampala. Panda takisi, yaani basi dogo la abiria, mpaka mjini Entebbe, kisha boda ya dakika chache mpaka klabuni. Uwanja ni wa zamani kuliko karibu kila kitu unachokiona njiani, na ziwa liko karibu, kwa hiyo upepo hubadilika mchana. Hilo litakusaidia kuelewa kwa nini mchezaji aliyeanza asubuhi amefanya vizuri kumshinda wa mchana.

Kwa uwanja wa Serena pale Kigo, shuka Lweza kwenye barabara ya Entebbe, kisha chukua boda. Una gari? Barabara ya haraka ya Entebbe inatozwa tangu Januari 2022, na gari dogo hulipa shilingi 5,000. Boda haziruhusiwi kwenye barabara hiyo, kwa hiyo usimwambie wa boda akupitishe huko. Uwanja huu una grini iliyozungukwa na maji kama kisiwa. Nitarudi kwake kwenye hatua ya 6.

3. Tafuta orodha ya muda wa kuanza.

Bila karatasi hii utatangatanga. Inaonyesha nani anacheza na nani, na wanaanza saa ngapi. Hutolewa jioni ya siku iliyotangulia, hubandikwa karibu na klabu hausi, na siku hizi husambaa kwenye simu mapema. Ipige picha.

Isome hivi. Makundi huwa ya watu watatu, siku za mwisho mara nyingine wawili, na huachana kwa dakika kumi hivi. Siku mbili za kwanza mpangilio hauonyeshi nani anaongoza. Siku mbili za mwisho unaonyesha: anayeongoza anaanza wa mwisho. Mtu akifika saa moja asubuhi siku ya fainali akitarajia kumwona kinara, atasubiri mpaka karibu na saa sita. Raundi moja ya kundi la watatu huchukua saa nne na nusu hadi tano, hivyo ukijua walipoanza unajua watamaliza lini.

Piga mstari chini ya majina matatu. Usichague kumi.

4. Fika dakika tisini kabla ya kundi lako kuanza, uanzie mazoezini.

Wengi hupita sehemu ya mazoezi bila kusimama, na mimi huumia ninapoona hivyo. Pale mchezaji yuko mita chache kutoka kwako, anapiga mipira mingi mfululizo, unasikia mlio, unaona mpira ukipanda na kushuka. Ndipo jicho lako linapojifunza kuufuata mpira. Simama nyuma yake kwa mshazari, ukiangalia kule anakolenga. Dakika ishirini hapo zitakufaa siku nzima.

Halafu pita kwenye grini ya mazoezi uone wanavyosukuma mpira mfupi. Angalia wanavyoinama kusoma mteremko. Baadaye ukiona mtu amechuchumaa nyuma ya mpira kwa muda mrefu, utajua anafanya nini na hutachoka.

Ukishafika hapo, zima sauti ya simu yako. Usiiweke kwenye mtetemo: ndani ya mkoba wenye funguo mtetemo unasikika. Zima pia mwanga wa kamera na mlio wa kupigia picha.

5. Jifunze mambo manne ya hesabu, basi.

Kila shimo limewekewa idadi ya mikwaju ambayo mchezaji hodari anatarajiwa kuitumia: 3, 4 au 5. Idadi hiyo huitwa pari. Jumla ya pari za mashimo yote pale Kitante ni 72. Akipungukiwa na mkwaju mmoja kwenye shimo amepata badi, akipungukiwa na miwili ni igo, akizidisha mmoja ni bogi. Kwenye ubao wa matokeo, alama ya kutoa ni habari njema: mwenye −6 yuko mbele ya mwenye −2.

Jambo la nne: aliye mbali zaidi na shimo ndiye kwa kawaida anapiga kwanza. Ukilijua hilo, utajua umtazame nani kati ya watatu.

6. Amua: utafuata kundi, au utakaa mahali?

Zote mbili ni sawa. Kosa ni kufanya kama mwenzangu, kukaa mahali pasipo na kitu cha kuona.

*Ukitaka kukaa,* tafuta shimo la pari 3. Ni fupi, kwa hiyo kutoka sehemu moja unaona mtu akipiga na mpira ukitua kwenye grini. Kila kundi litapita mbele yako na kila mkwaju utauona. Kule Kigo, ile grini ya majini ndiyo mahali pangu. Unasikia watu wote wakishusha pumzi mpira unapovuka maji, na unasikia tofauti kabisa usipovuka. Kaa upande wa grini ulioinuka, jua likiwa mgongoni.

*Ukitaka kufuata kundi,* siri ni moja: usiwe nyuma yao. Ukimfuata mchezaji kwa nyuma utaona mgongo wake na mkoba wa kedi. Kuwa mbele yao nusu shimo. Hivi:

a) Tazama mkwaju wa kwanza wa shimo la kwanza ukiwa nyuma ya tii, pale mkwaju huo unapopigwa.

b) Wanapoanza kutembea, tembea pembeni, upande wa miti, mpaka usawa wa mahali mipira ilipotua. Simama. Tazama mkwaju wa pili.

c) Wakishapiga wote, nenda haraka, usikimbie, mpaka nyuma ya grini. Tazama wanavyomalizia.

d) Hapa ndipo watu hupotea: mpira wa mwisho unapokaribia kuingia, wewe usiondoke. Subiri wote watatu wamalize. Ukianza kutembea wa kwanza anapomaliza, unamharibia wa tatu.

e) Shimo linalofuata, acha mkwaju wa kwanza, nenda moja kwa moja kule mpira utakakotua. Utauona ukija kutoka mbali.

Ukipishanisha hivyo, shimo moja kwenye tii na shimo moja mbele, utatembea mashimo tisa bila kuchoka na utakuwa umeona mengi kuliko aliyekimbia mashimo yote 18.

7. Simama sawasawa, na uwe kimya kwa wakati wake.

Watu hudhani gofu ni ukimya wa siku nzima. Hapana. Ni ukimya wa sekunde kama ishirini, unaorudiwa mara nyingi. Mchezaji anapoingia kusimama juu ya mpira, kila mtu anasimama palepale alipo, hata kama ni katikati ya hatua. Mpira ukishaondoka, zungumza, cheka, tembea. Msimamizi akiinua mikono yote miwili juu, maana yake ni hiyo: simama, nyamaza.

Usisimame moja kwa moja nyuma ya mchezaji kwenye mstari wa mpira, wala mbele yake anapoangalia. Simama kwa mshazari. Kwenye grini, angalia kivuli chako. Kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi jioni kivuli cha mtu ni kirefu sana, na kikianguka kwenye njia ya mpira mchezaji atalazimika kukuomba usogee mbele ya watu wote.

Vuka uwanja sehemu zilizoonyeshwa tu. Usikanyage grini, usipite kwenye bunka la mchanga hata kama ndiyo njia fupi. Kwenye mashimo mengi ya kwetu hakuna kamba, kwa hiyo mipaka unaiweka mwenyewe: ukiwa kwenye majani yaliyokatwa chini kabisa, umeshaingia uwanjani.

Kushangilia kunaruhusiwa na kunapendwa. Piga makofi mpira ukitua karibu na bendera, piga zaidi ukiingia. Vigelegele pia! Nimemwona mama mmoja Entebbe akipiga vigelegele kwa mwanawe na uwanja mzima ukatabasamu. Ila ngoja mwenzake naye amalize, na kamwe usishangilie mtu anapokosa.

Onyo kuhusu mpira. Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 46, lakini fimbo ya mchezaji wa kulipwa huupeleka kwa kasi inayozidi kilomita 250 kwa saa. Septemba 2018, kwenye Ryder Cup karibu na Paris, mtazamaji alipigwa usoni na mpira uliopotoka, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Hao ni wachezaji bora kabisa duniani. Kwa hiyo, ukisikia mtu akipaza sauti “Foo!”, usiinue uso kuutafuta mpira. Inama, funika kichwa kwa mikono yote miwili, mgeuzie mgongo anakopigia. Na unaposimama kule mipira inakotua, weka jicho kwa wanaopiga. Hapo si mahali pa kusoma ujumbe kwenye simu.

8. Mpira ukija kwako, usiuguse.

Hili nalisisitiza kwa sababu watu wema ndio hukosea. Mtu anauokota ampelekee mchezaji, akidhani anamsaidia. Ukikugonga au ukigonga mkoba wako, kaa pale, uonyeshe kwa mkono ulipo. Unachezwa pale uliposimama na mchezaji haadhibiwi. Ukiwa umekwisha kusimama kisha wewe ukaupiga teke bila kujua, mwambie msimamizi palepale: “Ssebo (yaani bwana), nimeusogeza, ulikuwa hapa.” Utarudishwa, hakuna adhabu kwa yeyote. Ukinyamaza ndipo tatizo linapoanza.

Kusaidia kutafuta mpira kwenye majani marefu kunaruhusiwa, na makedi watakushukuru. Wana dakika 3 tu tangu waanze kutafuta. Zikipita, mpira umepotea kisheria hata ukionekana sekunde moja baadaye. Tembea taratibu, ukiangalia unapoweka mguu. Unaweza kumwambia mchezaji mpira uko wapi. Usimwambie apige kwa fimbo gani.

Jinja, karibu na Mto Nile, kuna kanuni ya uwanja iliyojulikana mbali: mpira ukiangukia kwenye nyayo ya kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuutoa. 

9. Malizia siku kwenye shimo la 18.

Kundi lako likimaliza shimo la 15 au la 16, waache, tangulia. Siku ya fainali, fika nyuma ya grini ya 18 saa nzima kabla ya kundi la mwisho, la sivyo utatazama migongo. Watoto na wafupi wakae mbele chini. Warefu wasimame nyuma. Sikiliza makelele ya mbali: ukisikia shangwe kutoka shimo la nyuma kisha namba ikibadilika ubaoni, utakuwa umejua kilichotokea kabla mchezaji hajafika.

10. Picha na saini ni baada ya kadi.

Mchezaji akitoka shimo la 18 bado hajamaliza kazi. Anakwenda kuhakiki kadi yake ya matokeo na kuitia sahihi. Akitia sahihi kadi yenye namba ndogo kuliko aliyopiga kweli kwenye shimo lolote, anaondolewa mashindanoni. Ikiwa namba ni kubwa kuliko kweli, inabaki hivyohivyo. Mwaka 1968 kwenye Masters huko Marekani, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga 65, kadi ikaandikwa 66, akaitia sahihi. Ikabaki 66, na kwa mkwaju huo mmoja akaikosa nafasi ya mchezo wa kuamua bingwa. Kwa hiyo usimvute mtu mkono kabla ya kuingia kule kwenye kadi. Akitoka, msalimie, mpongeze au mpe pole, kisha omba. Wachezaji wetu wengi walianza kwa kubeba mikoba, hawana kiburi. Na msalimie kedi pia.

Mambo yakienda vibaya

*Askari getini anasema ni wanachama tu.* Usibishane. Mwambie kwa upole, “Ssebo, nimekuja kutazama mashindano, geti la watazamaji ni lipi?” Mara nyingi umekosea geti tu. Kama bado hakubali, omba akuitie mtu wa kamati.

*Honi imelia.* Mlio mmoja mrefu maana yake mchezo umesimamishwa papo hapo kwa hatari, na kwetu hatari hiyo karibu kila mara ni radi. Milio mitatu mfululizo ni kusimamisha kwa sababu nyingine, kwa mfano giza. Milio miwili mifupi ni kuendelea. Ukisikia ule mrefu, ondoka uwanjani uende ndani ya jengo au ndani ya gari lililofungwa. Usingoje mvua ianze. Usikimbilie chini ya mti, usikae kwenye hema, funga mwavuli. Mwaka 1991 kule Hazeltine, Marekani, watu sita waliokuwa wakitazama U.S. Open walijikinga chini ya mti. Radi iliwapiga, mmoja akafa. Na sisi hatuhitaji mifano ya mbali. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 kwa siku moja katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Ukanda huu wa ziwa una radi nyingi mno. Nikiwa na watoto, mimi huondoka nikisikia ngurumo ya kwanza, honi ikilia au isipolia.

*Siuoni mpira kabisa.* Umesimama pembeni. Rudi nyuma ya mchezaji, kwa mshazari, mita kumi hivi, na usiuangalie mpira ukiwa chini. Angalia hewani mbele ya fimbo. Ukiupoteza, mtazame kedi: macho yake yanaufuata daima.

*Mchezaji wangu amechujwa.* Chukua orodha mpya, chagua kundi la pili kutoka mwisho. Huko kuna ushindani mkubwa na watazamaji wachache kuliko kundi la mwisho.

*Mtoto amechoka na anasumbua.* Mpeleke kwenye grini ya mazoezi, akae na biskuti yake. Watoto wa chini ya miaka sita wape mashimo matatu, hawawezi zaidi, na si kosa lao.

*Tumepoteana na hakuna anayeweza kupiga simu.* Kubalianeni asubuhi: kila saa kamili tunakutana mbele ya ubao wa matokeo.

*Jioni boda zimepanda bei na jamu imefunga.* Baki nusu saa utazame utoaji wa zawadi. Kutoka Kitante, panda kwa miguu kuelekea Kololo au Nakasero uchukue boda mbali na geti.

Ukitaka kuvuka mpaka

Ukishaizoea Uganda Open, iliyo karibu na kubwa zaidi ni Kenya Open, Nairobi. Inachezwa tangu 1967, Seve Ballesteros aliishinda mwaka 1978, na tangu 2019 imo kwenye ziara kuu ya Ulaya, ile inayoitwa sasa DP World Tour. Viwanja vimekuwa Karen na Muthaiga, kwa kawaida mwezi wa pili au wa tatu. Huko kuna kamba, majukwaa, tiketi za mapema na watu wengi mara kadhaa ya hapa, kwa hiyo ile kanuni ya kuwa mbele nusu shimo iongeze iwe shimo zima.

Mabasi ya usiku hutoka Kampala kupitia Busia au Malaba. Raia wa Uganda anavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, lakini beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana huulizwa. Panda basi la Jumanne usiku, ulale Jumatano, uwe uwanjani Alhamisi asubuhi ukiwa na miguu iliyopumzika. Niliwahi kushuka basi saa moja asubuhi nikaenda moja kwa moja uwanjani na begi langu lote. Kwenye shimo la sita nilikuwa nimelala kwenye majani.